Kuwa mhadhiri au mtafiti wa ramani na GIS (mfumo wa taarifa za kijiografia) ukitokea Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata kila msimu wa udahili, kutoka kwa vijana wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na huko Rukwa. Wengine wako fomu siksi, wengine wana digrii tayari wanafundisha jiografia sekondari na wanatamani kurudi chuo. Nimeamua kuyajibu pamoja. Kama una haraka soma la GPA na la mada ya utafiti, hayo mawili ndo yanaamua mambo mengi kuliko yote yaliyobaki.

Hivi kweli mtu anaweza kufanya kazi ya ramani chuo kikuu mpaka akawa profesa?

Anaweza, na wapo hapa hapa Tanzania. Chuo Kikuu Ardhi pale Dar kinafundisha upimaji na taarifa za kijiografia mpaka ngazi za juu, UDSM wana idara ya jiografia na ile Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, UDOM jiografia ipo, SUA Morogoro kuna watu wa misitu ambao kazi yao ya kila siku ni picha za setelaiti na ndipo kilipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC. Huku kwetu tuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga upande wa uhandisi na teknolojia, na MUCE Iringa, chuo kishiriki cha UDSM, kinachoandaa walimu wakiwemo wa jiografia. Duniani fani hii ina chama chake cha kimataifa, ICA, kipo tangu 1959. Kwa hiyo hii siyo kazi ya kubahatisha, ni njia iliyonyooka, ila ni ndefu na inataka ujue mapema unaelekea wapi.

Kartografia, GIS, jiomatiki, mbona kama vyote ni kitu kimoja?

Vinaingiliana sana ila mtu akikuuliza kwenye usaili usijibu hivyo. Kartografia inashughulika na ramani yenyewe, nini kionekane, nini kiachwe, rangi gani, alama gani, msomaji ataelewa nini. Jiomatiki ni upande wa vipimo, yaani kupima ardhi, GPS, droni, picha za anga. GIS ni mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi na kuchambua data zenye mahali. Halafu kuna sayansi ya taarifa za kijiografia, hii ndo ya kitaaluma zaidi, Michael Goodchild aliipa msukumo mwaka 1992 kwa makala iliyosema wazi kwamba nyuma ya softwea kuna maswali ya kisayansi ya kujibiwa, mfano kosa kwenye ramani moja linasambaaje ukiiweka juu ya nyingine, au matokeo yanabadilikaje ukipima kwa kata badala ya kijiji.

Na ngoja niwaambie kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui. Yule anayeitwa baba wa GIS, Roger Tomlinson wa Kanada, wazo lilimjia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye kazi ya kutafuta eneo la kupanda miti Kenya. Ilibidi kulinganisha ramani nyingi, mteremko, udongo, hali ya hewa, na kwa mkono gharama ilikuwa haishikiki, ndo akaanza kufikiria kwa nini kompyuta isifanye. Sasa we unayetoka Mufindi, umekulia karibu na msitu wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi Mgololo, usiambiwe na mtu kwamba hii ni fani ya Wazungu. Swali lenyewe lilizaliwa Afrika Mashariki, tena kwenye miti.

Nisome kombi gani?

PGM, PCM na EGM ndo zinafungua milango mingi kwa sababu zina hesabu. CBG inakubalika kwa kozi za mazingira na misitu. HGL na HGE unaweza kupita kupitia digrii ya jiografia, wengi wamepita huko, ila hesabu utakuja kuzikuta mbele, takwimu hasa, kwa hiyo usizikimbie. Masharti ya kila kozi yanabadilika, fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka unaoomba, usitegemee wa kaka yako.

Waliofeli kupata nafasi ya moja kwa moja wasikate tamaa, kuna Chuo cha Ardhi Morogoro na Chuo cha Ardhi Tabora, unaanza na cheti au diploma afu unapanda. Watu waliopita huko wanakujaga na mikono iliyozoea vifaa kuliko sisi tuliotoka fomu siksi moja kwa moja.

GPA yangu ni 3.4, naweza kuwa mhadhiri?

Hapa naomba usome taratibu maana ndipo ndoto nyingi zinapokwama, na mara nyingi mtu anakuja kujua akiwa mwaka wa tatu mambo yameshaharibika.

Kwenye vyuo vya umma ngazi ya kwanza ni Mkufunzi Msaidizi, ile watu wanaita TA, na matangazo mengi yanataka digrii ya kwanza yenye GPA ya 3.8 kati ya 5. Yapo yanayoanzia 3.5. Ukitaka kuingia kama Mhadhiri Msaidizi unatakiwa kuwa na masta, GPA ya masta 4.0, na bado wanarudi kuangalia ile ya digrii ya kwanza. Yaani masta nzuri haifuti digrii ya kwanza. TCU inaruhusu kusoma masta kuanzia GPA ya 2.7, kwa hiyo unaweza kabisa kusoma, ukamaliza, ukafaulu vizuri sana, na bado usiitwe kwenye usaili. Watu wanalia kwenye hili na mimi naona ni sharti kali mno, maana mtu anaweza kuyumba mwaka wa kwanza kwa shida ya ada tu, mkopo umechelewa, hajala, afu akafungiwa mlango wa maisha. Lakini ndivyo lilivyo na kazi yangu ni kukwambia kabla hujaanza.

Kwa hiyo kama uko mwaka wa kwanza, yale masomo unayoona hayana maana, stadi za mawasiliano, maendeleo, yanaingia kwenye GPA sawa sawa na upimaji. Na we mwenye 3.4 tayari, usiishie hapa, ruka mpaka swali la kazi za utafiti nje ya vyuo.

Ngazi zikoje ukishaingia?

Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Kuwa Mhadhiri unahitaji PhD. Kuanzia hapo unapanda kwa machapisho, kufundisha na huduma kwa jamii, ila ukweli machapisho ndo yanabeba uzito. Nafasi za vyuo vya umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo akaunti yako ya Ajira Portal iwe imekamilika muda wote, vyeti vimehakikiwa, usisubiri tangazo litoke ndo uanze kuhangaika na mwanasheria Mwanjelwa.

Masta na PhD nitasomea wapi, na hela inatoka wapi?

Ukiwa umeshaajiriwa chuoni ni rahisi kidogo, chuo kinakutafutia au kinakupa ruhusa ukapambane. Kuna mradi wa HEET wa serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, ulianza 2021, na sehemu ya hela hizo ni kusomesha wahadhiri wa vyuo vya umma, MUST na Ardhi vikiwemo.

Nje, taasisi inayojulikana sana kwenye fani hii ni ITC ya Enschede, Uholanzi, ilianzishwa 1950 mahsusi kufundisha watu wa nchi zinazoendelea mambo ya ramani na picha za anga, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Twente. Kwa mtu anayependa ramani yenyewe kuna masta ya kartografia ya pamoja kati ya vyuo vinne, Munich, Vienna, Dresden na Twente, iko chini ya Erasmus Mundus na skolashipu zipo, unasoma unahama chuo kwa chuo. Halafu kuna skolashipu za DAAD ya Ujerumani na Commonwealth ya Uingereza. Karibu hapa Nairobi kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali tangu 1975, Tanzania ni mwanachama, wanatoa mafunzo mafupi na usiyadharau, ukikaa wiki kadhaa na watu wa Uganda, Malawi na Ethiopia unajenga mtandao wa watu mtakaokuja kuandika nao.

Maombi yanayoshinda siyo ya Kiingereza kizuri. Ni ya mtu mwenye swali linaloeleweka. Hapo ndo tunaingia kwenye swali linalofuata.

Mada ya utafiti naipataje? Msimamizi anakataa kila ninachopeleka.

Mara nyingi inakataliwa kwa sababu umeanza na softwea. "Matumizi ya GIS katika kuchunguza mabadiliko ya matumizi ya ardhi wilaya fulani", hiyo imeandikwa mpaka imechakaa, unabadilisha jina la wilaya tu. Softwea mtu yeyote anajifunza, hata Mchina au Mjerumani ataifanya vizuri kuliko we. Ambacho hana ni kuijua Nyanda za Juu Kusini kutoka ndani, na huo ndo mtaji wako, sijui kwa nini tunauficha.

Chukua vinyungu. Kila mtu wa Njombe, Mufindi na Kilolo anajua kinyungu ni nini, unalima bondeni kiangazi mahindi ya kuchoma, maharage na mboga kwa unyevu wa chini. Sasa picha za setelaiti ya Landsat kila pikseli, yaani kidoti kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30, kinyungu kimoja mara nyingi ni kidogo kuliko hapo au kimekatwa katikati, na kwa kuwa kinakuwa kijani wakati mlima mzima umekauka, kompyuta inakiita ardhi oevu ya asili. Mtafiti aliyekaa Ulaya atachapisha ramani yenye oevu ambayo kumbe ni shamba la bibi yako. We ukiiona ile ramani unajua hapohapo kuna tatizo. Hilo tatizo ndo tasnifu. Setelaiti ya Sentinel-2 ina mita 10 na inapita kila baada ya siku tano, je inatosha? Unahitaji picha za miezi gani? Mipaka ya kinyungu unaihakikije? Tayari una masta.

Au Usangu. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kila mmoja ananyooshea kidole mwingine, mkulima wa mpunga Mbarali, mfugaji, hifadhi, mabwawa ya umeme Mtera na Kidatu. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa Hifadhi ya Ruaha na mipaka ikagusa maisha ya watu wengi. Ramani pale siyo karatasi, ni ushahidi, na anayeichora anatakiwa ajue namna ya kupima makosa yake mwenyewe na kuyaandika wazi. Tunahitaji watu wa pale pale wenye PhD ya kufanya hivyo, nalisema hili kwa moyo wote.

Rungwe nako, mvua ni nyingi, mawingu hayaishi, picha za kawaida za setelaiti zinarudi nyeupe miezi mingi. Setelaiti za rada kama Sentinel-1 zinapenya mawingu. Mashamba ya parachichi yanaongezeka Rungwe na Njombe, nani anayafuatilia na maji yake yanatoka chanzo gani? Kule Kitulo watu wanachimba mizizi ya okidi ya chikanda kwenda Zambia, uchimbaji unahamia wapi mwaka hadi mwaka? Na Iringa vijijini ndiko vijana wa kijiji walifundishwa kupima mipaka ya mashamba kwa simu, mradi wa MAST, kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila. Leo mipaka ile inaheshimika? Wanawake waliandikwa? Mada zipo mpaka zinatuzidi.

Ushauri wangu, andika swali lako kwa Kiswahili kwanza, msomee mtu wa kwenu asiyesoma GIS. Akielewa na akaanza kubishana na we, umepata.

Data zangu hazikai sawa, zimesogea kama mita 300. Nifanyeje?

Nimeliweka kwa sababu linaangusha watu kwenye utetezi wa tasnifu. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 ziko kwenye datamu ya Arc 1960 (datamu ni msingi wa kupimia mahali duniani), simu na GPS yako inatumia WGS84, na tofauti ya hizo mbili hapa kwetu ni karibu mita 300. Usiivute kwa mkono, badilisha datamu ipasavyo. Kwenye softwea unachagua kwa namba ya EPSG, ambayo ni kodi ya mfumo wa ramani: Arc 1960 zoni 36 kusini ni 21036, WGS84 ni 32736 (zoni ni kanda za ramani za UTM).

Pili, Mbeya yote iko zoni 36, lakini mpaka wa zoni 36 na 37 ni longitudo 36, unapita mashariki ya Iringa mjini siyo mbali. Ukifanya kazi mkoa mzima wa Iringa unavuka. Amua zoni moja na eleza kwa nini.

Na tatu, angalia mwaka wa mipaka. Njombe imekuwa mkoa 2012, Songwe 2016. Ukichukua takwimu za zamani za "Mbeya" ukazilinganisha na za leo bila kurekebisha, utasema watu wamepungua kumbe Mbozi na Tunduma zimehama tu. Nimeona kazi ya mtu wa PhD yenye hilo kosa.

Lazima niwe na laptopu ya bei mbaya na ArcGIS?

Hapana. QGIS ni bure, ipo tangu 2002 na inakubalika kwenye tasnifu na majarida bila shida. Picha za Landsat ni bure tangu 2008, kumbukumbu zake zinarudi nyuma mpaka 1972, na za Sentinel ni bure pia. Laptopu ya RAM 8 inatosha kuanza. Kinachouma ni bando, hilo nakubali, ila kazi kubwa unaweza kuifanyia kwenye Google Earth Engine, uchambuzi unafanyika kwao na we unashusha matokeo tu. Usitumie softwea ya wizi kwenye kazi ya kitaaluma.

Koding ndiyo, jifunze. Lugha ya Python au R, moja inatosha.

Mimi ni mama nipo Tukuyu, binti yangu anapenda ramani lakini nasikia ni kazi ya porini, ya wanaume.

Mama, shikamoo. Porini kupo, sikufichi, ila siyo maisha yote, sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika ofisini na kwenye kompyuta, na wakienda vijijini wanaenda timu. Tena kwenye tafiti za ardhi mtafiti mwanamke anasikia mambo ambayo wanawake wa kijijini hawawezi kumwambia mwanaume akiwa na mwenyekiti pembeni. Skolashipu nyingi zinahimiza wanawake waombe. Kwa sasa msaidie ashike hesabu, na akienda chuo asikae na tatizo la ada kimya mpaka matokeo yashuke. Nyumbani pale mkiwa kilimani muulize mto huu unakwenda wapi, aende achore.

Nikienda kukusanya data kijijini naanzia kwa nani?

Barua ya chuo kwanza, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, kata, mpaka mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi. Ukitaka kurusha droni kuna vibali vyake, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wanahusika, na usirushe kijijini kabla ya kuwaambia watu, maana kijiji kikiona kitu kinazunguka juu kinajua wamekuja kuchukua ardhi, na historia inawapa haki ya kufikiri hivyo. Ukimaliza rudisha ramani. Chapisha kubwa, majina ya vilima na mito kama wanavyoita wao, ibandike ofisi ya kijiji. Wakati mwingine wakiiangalia wanakurekebishia makosa ambayo wasimamizi wote hawakuyaona.

Kuchapisha makala, nimeletewa imeili wanasema nilipe itoke baada ya siku tatu.

Achana nao. Jarida halisi linapeleka kazi yako kwa wataalamu waisome na inachukua miezi. Siyo kila jarida linalolipisha ni la uongo, ila linaloahidi siku tatu likimbie. Kusoma makala za watu, waulize maktaba ya chuo kuhusu Research4Life, vyuo vyetu vingi vinapata majarida makubwa bure au kwa bei ndogo kupitia huko, na wanafunzi hawajui kabisa.

Sina GPA ya kufundisha ila napenda utafiti. Basi nimekwisha?

Hujakwisha hata kidogo. Angalia huku kwetu tu, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa, Bonde la Ziwa Rukwa Mbeya, Bonde la Ziwa Nyasa Tukuyu, wote hao wanaishi kwa data za mito na ardhi. TARI Uyole wanafanya utafiti wa kilimo. TFS na TANAPA wana misitu na hifadhi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitenga maeneo ya kuhesabia watu nchi nzima kwa ajili ya sensa ya 2022, ile ni kazi kubwa ya ramani. Kwenye sehemu kama hizi unaweza kuandika makala na wahadhiri, we una data na unajua eneo, wao wana muda wa kuandika, na jina lako linatoka. Hakikisha tu mnakubaliana nani ni mwandishi kabla kazi haijaanza, kwa maandishi.

Kitu kimoja cha kuzingatia, digrii ya GIS haikufanyi mpima ardhi mwenye leseni. Kusaini ramani ya upimaji wa viwanja kunahitaji usajili wa kitaaluma, kwa hiyo mtu akikuomba "mpimie tu kiwanja" pale Uyole afu usaini, kataa.

Namtafutaje msimamizi?

Soma makala zake mbili, halisi, siyo kichwa cha habari. Mwandikie imeili fupi, we ni nani, swali lako ni lipi, eneo gani, data gani tayari unazo, na ambatisha ramani moja uliyoichora mwenyewe yenye kipimo, chanzo cha data na mwaka. Moja nzuri. Asipojibu wiki mbili mkumbushe mara moja kwa adabu, wana mitihani ya kusahihisha, siyo kwamba wamekudharau.